Nyasi za Busta

Kufuli la lango la busta halikuwa na tundu la ufunguo. Levis alikuwa amepita mbele ya kufuli hilo na ng'ombe wake kwa miaka mingi, asiligundue jambo hilo mpaka siku ya pili baada ya mama yake kufa.

"Fungua kidogo tu, Osoro," alisema. "Nataka kupima mahali vijana watachimba."

Osoro alikuwa mlinzi wa busta hiyo, mnara wa simu uliosimama shambani mwa Levis. Alikuwa Mkisii mpole mwenye koti la kampuni lililompwaya mabegani. Alilitazama kufuli, akamtazama Levis, akavuta pumzi kama mtu aliyetumwa kwa shemeji kudai deni.

"Landlodi, pole tena kwa mama. Lakini hii kitu haina kifunguo. Inafunguliwa na code, na code inatoka Nairobi."

"Sasa wewe huwa unaingia aje?"

"Mimi siingii. Mimi nachunga nje."

Hilo nalo Levis hakulijua. Siku zote alidhani Osoro ana ufunguo mahali fulani, labda ndani ya soksi. Kumbe mlinzi na mwenye shamba walikuwa sawa, wote wawili wakichungulia kupitia seng'enge kama kuku wa jirani. Ndani mlimea mlingoti wa chuma uliokwenda juu mpaka shingo ikauma, na chini yake makabati ya betri yaliyonguruma mchana kutwa. Nyasi zilifika kiunoni, maana mvua za vuli zilikuwa nzuri, na tangu kampuni mpya ichukue busta hakuna aliyewahi kuzifyeka. Katika kona ya mbali, juu ya nyasi, ilionekana ncha ya msalaba wa mbao. Hapo ndipo alipolala Japheth, baba yake Levis.

Kabla ya busta, kilima hicho kilikuwa uwanja wa nyumba ya Phelesia, mama yake. Mumewe alizikwa upande wa kulia wa mlango wake, na upande wa kushoto ukaachwa umngoje yeye. Ndipo wakaja watu wa busta wakitafuta mahali palipoinuka. Nyumba ikabomolewa, mama akajengewa nyingine ya mabati huku bondeni, na wale watu wa kwanza, waliokuwa waungwana, wakasema kaburi litabaki na familia itaingia siku yoyote itakayotaka. Walisema kwa mdomo. Baadaye wakaiuza busta kwa kampuni nyingine, na mdomo ule ukaenda na wenyewe.

Mama alifia Awendo kwa binti yake Lynnet, alikokwenda kutibiwa presha, na mwili wake ulikuwa mochari Migori. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Hakuacha wosia mrefu. Alimwambia Lynnet neno moja tu: arudishwe mlangoni pake, karibu na mume wake.

Levis alishika seng'enge kwa vidole, akautafuta uchungu moyoni mwake kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta kiberiti. Hakuukuta.

*

"Si azikwe hapa chini?" Kezia alisema. "Hii si ndio nyumba yake? Amelala ndani miaka yote."

Kezia, mke wa Levis, alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania. Hakuwahi kukijua Kijaluo vizuri, wala Levis Kikuria, kwa hiyo nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili. Hata ugomvi wao ulikuwa wa Kiswahili, na labda ndiyo sababu haukuwahi kuwa mkali sana.

Aliyejibu ni mzee Dishon, ndugu yake marehemu Japheth, aliyekuwa ameketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote nyumbani humo. Alimwita kwa Kijaluo, binti wa Wakuria.

"Nyar Kuria, sikiza. Ndugu yangu hakuingia hii nyumba hata siku moja. Mwanamke hazikwi kwa nyumba bwana yake hakuingia. Hiyo ni kumzika kama mgeni."

"Haya. Basi kateni seng'enge."

"Kwani seng'enge ni nini? Ni waya tu."

"Ikikatwa, baba, kengele inalia Nairobi," Levis alisema. Dishon alikuwa baba yake mdogo, na kwa Wajaluo huyo ni baba kamili. "Wanapigia polisi. Kisha wanasimamisha pesa."

Neno pesa lilipotajwa, Kezia aliacha kupepeta mchele wa wageni.

"Mimi si mtu mbaya, Baba Robi. Mama nilimpenda. Lakini mimi nasema kile naona. Hiyo busta ndio shamba yetu. Mahindi mwaka huu uliona ilienda aje. Robi anasoma na nini? Hata hiyo dawa ya mama ilinunuliwa na nini?"

Kodi ya busta iliingia kwenye simu ya Levis mara nne kwa mwaka, ikija kwa kuchelewa na kwa kujikuna, na ndiyo iliyokuwa nguzo ya nyumba.

"Tungechimba mbili," Kezia aliendelea. "Moja juu, moja hapa. Wakikataa huko, tunamweka hapa."

Dishon alishtuka kana kwamba amemwagiwa maji. "Ooyo! Hapana! Kaburi ikifunguliwa lazima imeze mtu. Ukiiacha tupu unaitia nani? Unaita mwingine wa hii boma. Tunachimba moja. Levis, wewe ndio mwenye boma. Sema ni wapi."

Levis aliinamia simu yake. Dishon alipotoka kwenda kuwatazama watu wa hema, Kezia alimsogelea mumewe.

"Na ile kitu ya kwa simu, mwaka jana. Ile ulikubali. Ilisema nini juu ya kaburi?"

"Sikusoma."

"Hukusoma yote?"

"Bando iliisha."

Ndivyo ilivyokuwa. Kampuni mpya ilikuwa imekaa muda mrefu bila kulipa, kisha ikatuma ujumbe wenye kiunganishi: bonyeza hapa usaini mkataba mpya, ndipo malipo yafunguliwe. Levis alikuwa kwenye foleni ya kusaga mahindi. Alinunua bando ya shilingi ishirini, mkataba ukaanza kufunguka, ukurasa baada ya ukurasa, Kiingereza kizito kisicho na mwisho. Alipoona simu inamwonya kwamba bando inakaribia kuisha, aliuteremsha mkataba mpaka chini kabisa, akabonyeza kitufe cha kijani. Kuishi chini ya busta na kukosa bando ni kama kuishi Mbita, ziwani kwenye samaki, na kula ugali kwa chumvi. Lakini Mbita nako wako wanaokula ugali kwa chumvi, samaki wakipita mlangoni ndani ya barafu.

Kezia hakumkaripia. Aliuchukua ungo wake akaendelea kupepeta. Levis angefurahi kama angekaripiwa.

*

Ofisi iliyoandikwa kwenye koti la Osoro ilikuwa Homa Bay mjini, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Msichana wa mapokezi alimpa Levis tableti aandike jina, nambari na sababu ya kuja. Sababu zilikuwa zimeshaandikwa, yeye ni kuchagua. Alichagua ya mwisho, ile ya mambo mengine. Tableti ikampiga picha kabla hajafunga mdomo, mashine ndogo ikaitoa picha hiyo kwenye karatasi, na msichana akambandika kifuani. Levis akangoja kwenye benchi, amevaa uso wake mwenyewe ulioachama.

Aliyempokea ni kijana aliyeitwa Oliver, msimamizi wa eneo hilo, nadhifu, mwenye sauti ya upole. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilimpa Levis matumaini.

"Pole sana, mzee," Oliver alisema, ingawa Levis hakuwa mzee. "But hiyo mast si yetu."

"Jina yenu iko kwa koti ya askari."

"Sisi ni security na kukata nyasi tu. Mast ni ya kampuni ingine. Hiyo inakodisha nafasi kwa watu wa network, so zile vitu ziko juu ni za hao. Betri nayo iko na wenyewe. Diesel, wengine. Unaona?"

"Na shamba?"

"Shamba ni yako," Oliver alisema, akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyepata jambo moja zuri la kumwambia mgeni.

"Kama ni yangu, nani anaweza kunifungulia?"

"System."

Aligeuza kompyuta ili Levis aone. Ilikuwa picha ya shamba lake ikitazamwa kutoka mbinguni: bati la nyumba ya mama likimeta, zizi, njia ya ng'ombe, na mraba wa kijani kibichi penye busta. Msalaba haukuonekana.

"Site iko clean. Unaona hapa? Hakuna nyumba, hakuna kaburi. Contract inasema hivyo, na hii ni signature yako."

Levis alisoma jina lake. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kuringa zilizolala upande, nzuri kuliko mwandiko wowote aliowahi kuandika maishani.

"Hii si mkono yangu."

"Ni ya simu. Ni sawa na mkono." Oliver aliirudisha kompyuta mahali pake, akainamisha sauti. "Mzee wangu, nikuambie ukweli. Ukianza kusema kuna kaburi, inamaanisha ulidanganya kampuni. Wanaweza toa mast. Wanaweza sema urudishe pesa yote umekula. Mimi ningekuwa wewe, ningezika mama pahali pengine tu. Land si ni kubwa?"

"Mama yako yuko?" Levis aliuliza.

"Yuko. Ako Oyugis."

"Mungu akuwekee."

Hakusema kwa kejeli. Alitaka kukasirika, na alijua huu ndio wakati wake, lakini hasira haikuja. Oliver, kwa huruma yake, alimwandikia nambari ya simu ya chumba cha Nairobi kinachotoa code, kisha akamwomba asiseme aliitoa wapi. Levis alifika mbali barabarani kabla hajakumbuka kubandua ule uso kifuani.

*

Alipiga simu Ijumaa asubuhi, ameketi kwenye kigoda cha Osoro chini ya busta. Muziki ulicheza, ukakatika, ukacheza tena, na salio likipungua. Kisha ikaja sauti ya mwanamke.

"Control room, Liz speaking."

Levis alijieleza. Alisema yeye ni landlodi wa Lambwe, mama yake amekufa, mwili unatoka Migori jioni hiyo, na mahali pake ni ndani ya seng'enge karibu na kaburi la baba.

"Sir," Liz alisema. "Kabla uendelee, hii simu inarekodiwa. Hiyo ya mwisho sijasikia. Network iko na shida."

Levis aliinua macho akautazama mlingoti uliosimama juu ya kichwa chake.

"Nimesema kuna kaburi ya..."

"Sir. Sijasikia."

Osoro, aliyekuwa ameinama akisikiliza, alimgusa goti na kutikisa kichwa taratibu, na hapo Levis akaelewa.

"Mimi hapa ili nifungue lango lazima niweke sababu," Liz aliendelea, polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma. "Niko na nne peke yake. Kuweka diesel. Kutengeneza mitambo. Ukaguzi. Kukata nyasi. Hakuna ingine. Wewe unaomba gani?"

Levis aliziangalia nyasi. Upepo wa bondeni ulikuwa ukizilaza na kuziinua.

"Nyasi," alisema.

"Imemea?"

"Imemea sana."

"Unaweka watu wangapi?"

"Wa kuchim... wa kufyeka ni wanane. Na wengine wa kusimama."

"Nitaandika wanane. Masaa?"

"Mwisho ni mangapi?"

"Manne. Yakiisha lango inajifunga yenyewe, na kama mtu ako ndani alarm inalia. Kesho saa nne asubuhi mpaka saa nane. Sawa? Kisha askari anatuma picha, kona zote nne, nyasi ikiwa imekatwa. Bila hiyo picha siwezi funga kazi, na ikikaa wazi wanatuma mtu kuangalia."

"Sawa."

Alidhani amekata simu. Kisha akamsikia akipumua.

"Na pole, sir," Liz alisema. "Pole kwa kazi."

*

Phelesia alifika jioni hiyo, akalala ndani ya jeneza mbele ya nyumba ya mabati, na waombolezaji wakakesha naye wakiimba. Asubuhi, saa nne ilipogonga, code iliingia kwenye simu ya Osoro. Kufuli likalia mlio mdogo kama wa saa ya mkononi, likaachia. Vijana wanane waliingia na majembe.

"Kaburi inachimbwa mchana, kama choo," Dishon alinung'unika. Kwa desturi yao lilipaswa kuchimbwa usiku, nyimbo zikiendelea. Lakini alilizunguka lile eneo, akahesabu hatua kutoka kwa Japheth, akapiga kisigino ardhini mahali ulipokuwa mkono wa kushoto wa mlango usiokuwepo tena. "Hapa."

Ardhi ya Lambwe nyeusi ikilowa hushika jembe isitake kuliachilia. Vijana walipokezana huku jasho likiwatiririka. Bondeni, chini ya hema, hotuba zilikuwa zimeanza, na hapo ndipo Levis alipoanza kuogopa kitu kimoja tu ulimwenguni, nacho ni kipaza sauti. Msiba wa Kijaluo hauna saa. Walisema akina mama wa kanisa, wakasema watu wa Awendo, akasema Lynnet akashindwa kumaliza. Kisha Dishon akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Alisimulia jinsi Japheth alivyokwenda kumposa Phelesia akiwa amevaa viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko kingine. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Ilikuwa hotuba nzuri. Levis alisimama nyuma ya hema akitazama saa ya simu yake, hakusikia hata neno moja. Mama yake alikuwa akisifiwa kwa mara ya mwisho duniani, na yeye alichokuwa akiomba ni mzee anyamaze.

Saa saba ilipita. Mkaza mwana hawezi kumwendea baba mkwe mbele za watu akamnyang'anya maneno. Kezia alilijua hilo, kwa hiyo hakumwendea. Alizunguka nyuma ya hema, akainama, akazima jenereta. Dishon aliendelea kusema kwa muda na mikono ikipungia, mpaka akagundua hasikiki.

"Mafuta imeisha, baba," Kezia alisema kwa heshima, macho chini.

Walipanda kilima na jeneza haraka kuliko inavyopendeza. Lango lilikuwa limepimwa kwa mafundi waliobeba mikoba, si kwa jeneza, ikabidi waliinamishe ubavu, na ndani kitu kikasikika kikiteleza. Lynnet alipiga ukemi. Levis aliusikia mteleziko huo kwa masikio tu. Mchungaji alisoma fungu moja badala ya matatu. Binamu mmoja aliinua simu yake juu, akiwarushia jamaa wa Nairobi mazishi moja kwa moja, na wote walikubali baadaye kwamba picha ilikuwa safi ajabu, haikukwama hata mara moja.

Udongo ulishuka kwa vishindo, kisha kwa vishindo vidogo, kisha kimya. Watu wakaenda kula.

Ndipo Osoro akamvuta Levis mkono.

"Landlodi. Picha."

"Piga."

"Nyasi bado. Kona zote nne." Osoro hakuwa akimtazama. "Na hiyo udongo imeinuka. Na hiyo msalaba ya mzee. Nikituma hivyo, mimi nimefutwa, na wewe wanakuja kuuliza."

Miaka yote nyasi ndizo zilizomficha Japheth. Sasa zikifyekwa, ataonekana.

Levis alivua koti la suti akalitundika kwenye seng'enge. Alichukua slasha, Osoro akachukua panga, wakafyeka. Alifyeka kona ya kwanza na ya pili, tai ikimpiga kifuani, na kutoka bondeni ilisikika milio ya vijiko na sahani. Alifyeka kuzunguka kaburi jipya. Kisha akalipanda kwa viatu vyake vya ibada na kulikanyaga, huku na huku, mpaka tuta likalala sawa na ardhi. Mama yake alikuwa chini ya miguu yake, hata saa nzima haijatimia. Alilijua hilo jinsi mtu anavyojua leo ni Jumamosi.

Msalaba wa baba ulikuwa umeoza shinani. Aliushika kwa mikono miwili akitarajia kazi, ukang'oka mara moja, mwepesi kama muwa uliokaushwa na jua. Aliutupa nje juu ya seng'enge. Wakachukua nyasi zilizokatwa wakazitandaza juu ya makaburi yote mawili, wakazisawazisha kwa vidole.

Osoro alipiga picha nne. Walitoka, na kufuli likalia nyuma yao. Ujumbe ulifika kabla hawajamaliza kufuta jasho. Osoro aliusoma kwa sauti, labda kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

"Kazi imefungwa. Site clean. Asante."

"Asante," Levis alisema.

Alivaa koti lake, akauficha msalaba kwenye kichaka, akateremka. Kezia alimpakulia wali na nyama. Aliona udongo mweusi mpaka magotini mwake, akaona mikono yake, akamwekea maji ya kunawa bila kuuliza. Levis alikula chakula chote. Baadaye watu walisema amejikaza kiume.

*

Januari mvua ilikatika. Bonde la Lambwe lilibadilika rangi, likawa la ngozi ya simba, na upepo ukaanza kubeba vumbi kutoka upande wa hifadhi ya Ruma. Kodi ya busta iliingia, na kwa mara ya kwanza iliingia siku yake. Kezia alilipa karo ya Robi akanunua mbolea. Alimsifu mumewe kwamba alifanya uamuzi mzuri. Levis aliitikia.

Kila asubuhi alipitisha ng'ombe kando ya seng'enge. Watu waliofiwa hukaa kando ya kaburi la mtu wao, wakang'oa jani moja moja, wakasema na aliyelala. Yeye alisimama nje na Osoro, na ndani hakukuwa na kitu cha kutazama. Nyasi zile za kufunika zilikuwa zimekauka zikapeperushwa. Siku moja aligundua hawezi tena kusema kwa hakika ni wapi hasa alipo mama. Alikisia hapa, akakisia pale, akapima kwa macho kutoka kwa msalaba, na msalaba haukuwepo.

Siku hiyo aliwaacha ng'ombe wajiendee. Aliketi kwenye kigoda cha Osoro akapiga simu. Muziki ulicheza muda mrefu.

"Control room, Liz speaking."

"Ni mimi. Wa Lambwe."

Alisikia kompyuta ikibonyezwa, kisha mibonyezo ikakoma.

"Sir, hapa naona nyasi ilikatwa juzi tu."

"Ndiyo."

"Na hapa naona ripoti, huko kwenu mvua haijanyesha."

Levis aliangalia kupitia seng'enge. Ardhi ilikuwa imepasuka nyufa za kuingia mkono, tupu kutoka kona hadi kona. Hakukuwa na jani hata moja. Alifungua mdomo ajibu, na kitu alichokuwa akikipapasa moyoni tangu mama afe, akikikosa, kikapanda ghafla. Machozi yakamtoka mbele ya Osoro, naye Osoro akageuka akatazama ng'ombe.

"Haijanyesha," Levis alisema. "Lakini imemea, Liz. Imemea sana."

Simu ilikuwa safi kiasi kwamba Levis alimsikia akivuta kiti chake karibu na meza.

"Niandike masaa mangapi, sir?"

"Moja tu," Levis alisema. "Moja inatosha."